Mbio za magari ya mbao kwa kundi la vijana: mwongozo kamili, kuanzia ubao mmoja hadi fainali

Walezi wengi wa skauti, madrasa na shule za Jumapili wamejaribu kuandaa mbio za magari madogo ya mbao, na malalamiko yao yanafanana. Gari liliacha njia likaanguka chini. Watoto wawili walidai ushindi mmoja na hakuna aliyeweza kuamua. Mtoto aliyeshindwa mara moja alikaa pembeni saa nzima akiwatazama wenzake. Gari lililochukua zawadi lilichongwa na baba.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokea kwa bahati mbaya. Kila moja lina chanzo chake, na karibu vyanzo vyote huwa vimeshajengeka kabla siku ya mbio haijafika. Haki kwenye mbio za watoto haipatikani kwa kupaza sauti ya mwamuzi. Hupatikana kwa mizani, kwa kizuizi kinachoachia magari yote kwa wakati mmoja, na kwa kuhakikisha kila gari limepita kwenye kila njia.

Mwongozo huu ni wa magari yasiyo na mota, yanayoshuka mteremko kwa uzito wake. Unafaa kundi la watoto 7 hadi 24, wenye umri wa miaka 8 hadi 14. Vipimo vyote vinategemeana: ukibadilisha upana wa gari, itabidi ubadilishe na barabara. Kwa hiyo mara ya kwanza vifuate kama vilivyo. Tenga wiki nne.

## Vifaa vya barabara

- Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 (sentimita 244 kwa 122), unene wa milimita 6
- Mbao mbili za inchi 2 kwa 1, za kuweka chini ya plaiwudi
- Bawaba mbili ndogo, skrubu fupi, gundi ya mbao
- Mpira wa tyubu ya baiskeli, ukanda mmoja
- Vijiti vitatu vya mbao ngumu, unene wa kidole kidogo
- Meza imara yenye kimo cha sentimita 75 hivi
- Blanketi kuukuu au godoro jembamba la kusimamishia magari
- Gololi moja

## Vifaa vya kila gari

- Kipande cha mbao ya msonobari (dukani wengi wanaiita paini), urefu sentimita 18, upana 5, unene 2.5
- Vifuniko vinne vya chupa za maji, vyote vya aina moja, kipenyo cha sentimita 3 hivi
- Vijiti viwili vya mishikaki
- Mrija mmoja wa soda, au gamba la kalamu ya wino lililokatwa
- Shanga nne zenye tundu la kupitisha kijiti
- Washa, nati au misumari ya kuongezea uzito
- Msasa wa aina mbili, mkali na laini
- Penseli, gundi, rangi

Ubao wa futi 12 wa inchi 2 kwa 1 unatoa vipande 18 bila kubana. Mwombe fundi seremala avikate vyote kwa siku moja, na vyote vitoke kwenye mbao iliyokauka vizuri. Mbao mbichi ni nzito, halafu inaendelea kukauka na kupinda baada ya mtoto kuunganisha ekseli, yaani vijiti vinavyobeba magurudumu. Gari lililokwenda moja kwa moja Jumamosi hii litakwenda upande Jumamosi ijayo, na mtoto hatajua kwa nini.

Nunua vifaa vya magari mawili zaidi ya idadi ya watoto. Kuna kipande kitakachopasuka, na kuna mtoto atakayejiunga wiki ya pili.

## Hatua ya 1: Andika kanuni kabla ya kugusa msumeno

Kanuni ziandikwe, zisomwe mbele ya watoto na wazazi, na kila familia ipewe nakala. Zisizidi hizi:

- Urefu wa gari usizidi sentimita 18, upana na magurudumu usizidi 11.
- Nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, kwa ndani, iwe sentimita 5.5 hadi 6.5.
- Chini ya gari pawe wazi: pasishuke kitu kitakachogusa ufito wa barabara, yaani ukanda wa plaiwudi unaopita katikati ya kila njia.
- Uzito usizidi gramu 150.
- Pua ya gari iwe bapa katikati, na magurudumu yasitangulie pua.
- Hakuna mota, puto, wala mpira wa kusukuma.
- Gari lijengwe kwenye kundi, na libaki kwenye kundi hadi siku ya mbio.

Uzito una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Kwenye mteremko gari zito haliburutwi sana na hewa, kwa hiyo bila kikomo atashinda mwenye vyuma vingi nyumbani. Skauti wa Marekani, kwenye mashindano yao yaitwayo Pinewood Derby, wameweka kikomo cha aunsi 5, yaani gramu 142 hivi. Gramu 150 zinatosha kwetu na ni rahisi kuzipima, kama utakavyoona.

Kanuni ya pua bapa huwashangaza wengi. Gari litaegemea kijiti cha kizuizi wakati wa kuanza. Aliyechimba pua yake katikati atakuwa amesogea mbele kwa kina cha lile shimo kabla wenzake hawajaondoka.

Kanuni ya mwisho ndiyo ninayoisimamia kwa nguvu zote. Gari likienda nyumbani, linarudi kazi ya mtu mzima. Wazazi hawana nia mbaya. Wanataka mtoto wao asiaibike. Lakini mtoto aliyechonga mwenyewe akakutana na gari la fundi anajifunza kwamba jitihada yake haina thamani. Wape wazazi kazi halisi kwenye kundi: kushika msumeno, kutoboa vifuniko, kusimamia gundi. Wakija kusaidia pale pale, watasaidia watoto wote.

Umefaulu pale mtoto yeyote ukimuuliza, "Gari lako lisizidi gramu ngapi?", anakujibu bila kwenda kuangalia karatasi.

## Hatua ya 2: Jenga barabara kwanza, magari baadaye

Wengi hufanya kinyume. Magari yakishakamilika, barabara inajengwa usiku wa kuamkia mbio, na ndipo inagundulika kwamba magurudumu hayapiti. Barabara ikiwepo tangu wiki ya kwanza, kila mtoto anaweza kujaribu gari lake akiwa bado analijenga.

### Kukata plaiwudi

Kata kwa urefu. Toa mapande mawili ya upana wa sentimita 48, na fito sita za upana wa sentimita 4. Hiyo ni jumla ya sentimita 120. Sentimita 2 zinazobaki huliwa na msumeno katika mikato saba. Plaiwudi moja inatosha barabara nzima ya njia tatu, yenye urefu wa karibu mita 5, na hakuna kinachotupwa.

Kwenye kila pande chora mistari mitatu ya urefu: sentimita 8, 24 na 40 kutoka ukingoni. Hiyo ndiyo katikati ya kila njia. Gundisha ufito juu ya kila mstari, uwe katikati kabisa, kisha weka vitu vizito juu yake hadi gundi ikauke. Gari litapita ufito ukiwa chini yake katikati, magurudumu mawili kila upande, kwa hiyo halihitaji kuta za pembeni. Kuta ndizo zinazoharibu mbio nyingi: gurudumu likigusa ukuta, gari linapoteza mwendo.

Piga msasa kingo za fito mpaka kidole kisikwaruzwe. Fito mbili zinapokutana kwenye kiungo, ncha zao zichongwe ziwe nyembamba kidogo.

### Kuupinda mteremko

Pande la kwanza ndilo mteremko. Ncha yake ya juu ikae mezani, sentimita 75 kutoka sakafuni. Ncha ya chini ilale sakafuni kwa sentimita 40 za mwisho. Plaiwudi ya milimita 6 inapinda yenyewe na kutengeneza mkunjo laini. Ukitumia ya milimita 12 haitapinda, utapata kona kali pale chini, na magari yatagonga pua na kuruka.

Chini ya mteremko funga vipande vya mbao vya kukingama, kila baada ya sentimita 60, ili plaiwudi isibonyee upande mmoja. Usiweke mbao ya urefu, kwa sababu itazuia mkunjo. Kwenye ile sehemu iliyolala sakafuni weka vipande vyembamba vya plaiwudi badala ya mbao, na pande la pili liinuliwe kwa unene huo huo.

Pale mapande mawili yanapokutana, pande la juu lisiwe chini ya la pili hata kwa unene wa kadi. Gari linaloshuka ngazi ndogo linaendelea na safari; linalopanda ngazi ndogo linasimama au kuruka.

Weka mstari wa kumalizia kwenye pande la pili, sentimita 180 kutoka kwenye kiungo. Mbele yake tandika blanketi lililokunjwakunjwa. Magari yanafika yakiwa na mwendo wa karibu mita 3 kwa sekunde, na ukuta wa saruji utavunja ekseli katika mchuano wa kwanza.

### Kuhakikisha barabara haikuinama

Weka gololi juu ya ufito wa kati, sehemu bapa, kisha uiweke kwenye kila njia. Ikibingirika kuelekea upande mmoja, barabara imeinama. Ingiza vipande vya karatasi ngumu chini ya upande ulio chini hadi gololi itulie. Rudia kila unapohamisha barabara, kwa sababu sakafu chache sana ziko sawa.

### Kizuizi cha kuanzia

Hapa usitafute njia ya mkato. Rula inayoinuliwa kwa mkono huachia gari moja kabla ya jingine, na watoto huliona hilo haraka kuliko watu wazima.

Sentimita 25 kutoka ncha ya juu, toboa tundu katikati ya kila ufito, lipenye hadi chini ya plaiwudi. Tundu liwe refu kidogo kuelekea mteremkoni, sentimita 3. Chini ya plaiwudi funga kipande cha mbao chenye vijiti vitatu vilivyosimama, kila kimoja kipite kwenye tundu lake na kutokeza juu kwa sentimita 3. Kipande hicho kishikwe na bawaba mbili, ili kikiachiwa vijiti vyote vizame kwa pamoja.

Bawaba ziwe upande wa juu wa mteremko, nyuma ya vijiti. Zikiwa hivyo, vijiti vinazama huku vikienda mbele, mbali na pua za magari. Ukizifunga upande wa chini, vijiti vitarudi nyuma na kuyasukuma magari. Mpira wa tyubu uvute kipande kwenda chini kwa kasi, na kamba au ndoano ikishikilie juu hadi wakati wa kuachia.

Umefaulu pale magari matatu ya majaribio, hata yakiwa vibao vitupu vyenye magurudumu, yanapoachiwa mara kumi mfululizo na yote yanafika kwenye blanketi bila kusukumwa na bila kuacha njia. Kama gari lile lile linakwama mahali pale pale, kosa ni la barabara. Tafuta gundi iliyokauka juu ya plaiwudi, au ufito uliopinda.

## Hatua ya 3: Kuchonga mwili wa gari

Mtoto achore umbo kwenye karatasi, alikate, alibandike kwenye mbao, ndipo aanze. Asiyechora kwanza hukata pasipotakiwa.

Msumeno ushikwe na mtu mzima kwa watoto wadogo. Walio na miaka 12 na kuendelea wanaweza kukata wenyewe mbao ikiwa imebanwa mezani, si kushikwa kwa goti. Msasa ni kazi ya mtoto kwa asilimia mia. Aanze na mkali, amalizie na laini, akifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao.

Kipande kizima kina gramu 90 hadi 110 hivi, kutegemea mbao. Kadiri anavyochonga ndivyo anavyopata nafasi ya kuongeza vyuma mahali anapotaka yeye, jambo lenye faida kubwa zaidi ya umbo lenyewe. Kwa mwendo huu na umbali huu mfupi, pua iliyochongoka haiongezi kasi ya kuonekana. Mwambie mtoto ukweli huo, kisha mwache achonge daladala, lori la mizigo au gari la zimamoto akipenda. Apake na rangi, ila isiingie mahali ekseli zinapopita.

## Hatua ya 4: Magurudumu na ekseli

Kama una saa tatu tu za karakana, mbili zitumie hapa. Magari mengi yanayoshindwa kufika mwisho yanashindwa kwa sababu ya magurudumu.

Kupata katikati ya kifuniko. Vifuniko vingi vina kinundu kidogo katikati kabisa, alama iliyobaki kiwandani. Kama hakipo, chora duara la kifuniko kwenye karatasi, likate, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Tundu likikosea hata milimita moja, gurudumu linakuwa na sehemu ndefu na sehemu fupi, na gari linachechemea hadi linasimama.

Kutoboa. Msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa unatoboa vizuri. Kazi hii ni ya mtu mzima, ifanyike nje, upande ambao moshi wa plastiki hauwaendei watoto. Tundu liwe dogo kidogo kuliko kijiti cha mshikaki ili kijiti kiingie kwa kubana. Gurudumu halizunguki juu ya kijiti. Gurudumu na kijiti vinazunguka pamoja ndani ya mrija.

Kuunganisha mirija. Kata vipande viwili vya mrija, kila kimoja sentimita 5.6, ili kitokeze milimita 3 kila upande wa mbao. Chora mistari miwili ya kukingama chini ya gari, ukitumia pembe ya daftari ili mistari iwe mraba na ubavu wa mbao. Gundisha mirija juu ya mistari hiyo. Mtu mwingine aangalie kutoka juu kabla gundi haijashika: mirija miwili lazima iwe sambamba. Isipokuwa sambamba, gari litakwenda upande na kuusugua ufito njia nzima.

Ukitumia gundi ya papo hapo, ishike wewe, si mtoto. Inaunganisha vidole kwa sekunde chache, na ikiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Kulainisha. Kwangua moyo mweusi wa penseli kwa msasa, upate unga wa grafaiti. Paka unga huo kwenye kijiti na ndani ya mrija. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya cherehani: yanashika vumbi na kuganda.

Kufunga. Kata kijiti sentimita 10. Kipenyeze kwenye mrija, vika ushanga kila upande, kisha kifuniko, upande bapa ukielekea kwenye gari. Acha nafasi ya kucheza ya milimita moja au mbili. Tone la gundi liwekwe upande wa nje tu. Likiingia kwenye mrija, ekseli imekwisha na utaanza upya.

Kipimo chake ni rahisi. Sukuma gari polepole kwenye sakafu ya vigae au saruji laini, kwa umbali wa mita 2. Likipotoka zaidi ya upana wa kiganja, usilipeleke kwenye barabara. Bandua mrija mmoja, unyooshe, urudie.

## Hatua ya 5: Kuongeza na kupima uzito

Vyuma viwekwe nyuma, sentimita 2 au 3 mbele ya ekseli ya nyuma. Gari likiwa limeegeshwa juu ya mteremko, uzito ulio nyuma unakuwa umeanzia juu zaidi, hivyo unashuka kimo kirefu zaidi. Ukiupeleka nyuma kupita ekseli, pua inainuka na gari linaruka kwenye mkunjo. Watoto wanapenda kujaribu jambo hili wenyewe. Wape nafasi wahamishe washa mbele na nyuma na waone tofauti.

Onyo: usitumie chubwi za wavuvi wala vipande kutoka kwenye betri za magari. Vyote hivyo ni madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na vumbi lake linabaki mikononi hadi wakati wa kula. Vyuma vya kawaida vinatosha.

Mizani ya jikoni ya dijitali ni bora. Kama huna, tundika hanga ya nguo mahali isipoguswa, na funga kamba kila ncha. Upande mmoja ning'iniza chupa yenye mililita 150 za maji, zilizopimwa kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Maji hayo yana gramu 150 kamili. Upande wa pili ning'iniza gari pamoja na chupa tupu inayofanana na ya kwanza, ili uzito wa chupa ujifute. Upande wa gari ukishuka, gari limezidi.

Mizani iwe moja tu, ile ile utakayotumia siku ya mbio. Mizani mbili zikitofautiana kwa gramu 3, utakuwa na ugomvi usio na mwisho.

## Hatua ya 6: Siku ya majaribio

Iwe wiki moja kamili kabla ya mbio. Walezi wengi huiruka, na ndiyo maana siku ya mbio inageuka karakana.

Kila gari lishuke mara tatu, mara moja kwenye kila njia. Hakuna kuandika nafasi wala kushangilia mshindi. Unatafuta vitu viwili tu: gari linafika mwisho, na halitoki njiani. Lisilofika linarudi mezani kwa Hatua ya 4, na mlezi mmoja akae na mtoto huyo hadi lifike. Mtoto asiende nyumbani siku hiyo gari lake likiwa bado halifiki.

## Hatua ya 7: Panga michuano kabla ya siku

Usipange mashindano ya mtoano. Mtoto aliyejenga gari kwa wiki tatu hawezi kutolewa kwa sekunde mbili, na kwenye mtoano gari linaweza kutoka kwa sababu tu lilipangiwa njia mbaya. Hata barabara iliyojengwa kwa uangalifu ina njia moja iliyo nzito kidogo.

Tumia mpango huu. Kila gari lipewe namba kwa kuchagua karatasi kofiani. Katika mchuano wa kwanza, njia A iwe na gari namba 1, njia B namba 2, njia C namba 4. Kila mchuano unaofuata ongeza moja kwenye kila namba. Namba ikipita idadi ya magari, rudi kwenye 1. Kwa magari 12 inakuwa hivi:

1. 1, 2, 4
2. 2, 3, 5
3. 3, 4, 6
4. 4, 5, 7
5. 5, 6, 8
6. 6, 7, 9
7. 7, 8, 10
8. 8, 9, 11
9. 9, 10, 12
10. 10, 11, 1
11. 11, 12, 2
12. 12, 1, 3

Kila gari linakimbia mara tatu, mara moja kwenye kila njia, na linakutana na wapinzani sita tofauti. Kwa magari 7 mpango huu unapendeza kabisa: kila gari linakutana na kila jingine mara moja, si zaidi na si pungufu. Idadi ya michuano siku zote ni sawa na idadi ya magari.

Wa kwanza anaandikiwa pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3. Jumla ndogo ndiyo bora: 3 ni ushindi mtupu, 9 ni wa mwisho kila mara. Watatu wa juu wanaingia fainali ya michuano mitatu, wakibadilishana njia. Wakifungana pointi wawili au watatu kwa nafasi ya tatu, wakimbize hao peke yao kwanza.

Hesabu dakika tatu kwa kila mchuano. Magari 12 ni dakika 36, magari 24 ni saa moja na robo. Zaidi ya hapo wadogo huchoka. Ligawe kundi kwa umri na mfanye mbio mbili.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fanyeni ndani, au kwenye baraza isiyo na upepo. Jua kali linalainisha gundi ya moto, na vumbi kwenye plaiwudi linapunguza mwendo. Fagia barabara, pima kwa gololi, achia magari ya majaribio.

Gawa kazi mapema: mpima uzito, mpangaji wa magari, mwachiaji, waamuzi wawili, mwandishi wa pointi, na mshika simu. Vijana wakubwa wanaziweza zote isipokuwa uamuzi wa mwisho.

Ukaguzi. Pima kila gari, lipitishe kwenye kipande cha barabara kuhakikisha halisugui, kisha liweke kwenye meza ya kusubiria. Likishafika pale haliguswi na yeyote, hata mwenyewe, ila likiitwa. Lililozidi uzito litolewe washa moja papo hapo, mtoto akiona.

Mwisho wa njia. Kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, gari linavuka sentimita 10 katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Macho hayatoshi. Weka simu kwenye kigoda, usawa wa mstari, ikiutazama kutoka ubavuni, na uwashe video ya mwendo wa polepole. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde inaacha pengo la sentimita 10 kati ya picha na picha. Ya picha 240 inaacha sentimita moja na robo. Waamuzi wakitofautiana, tazameni video. Ikiwa hata video haionyeshi, mchuano unarudiwa, na asiwepo wa kuulizwa anaonaje.

Gari likiacha njia. Rudia mchuano mara moja. Likiacha tena, linapewa nafasi ya tatu katika mchuano huo na kuendelea na mingine. Likivunjika, mtoto ana dakika tano kwenye meza ya matengenezo, huku michuano mingine ikiendelea.

Andika pointi kwenye ubao mkubwa ambao kila mtu anauona. Orodha iliyo kwenye daftari la mlezi huzaa maswali. Ubao unayajibu yenyewe.

Zawadi ziwe tatu tu: ya kasi, ya umbo lililochaguliwa kwa kura za watoto, na ya ufundi bora wa magurudumu. Hiyo ya tatu itolewe na fundi seremala aliyekata mbao, baada ya kuyageuza magari yote juu chini na kueleza mbele ya watoto ameona nini. Usimpe kila mmoja cheti cha kushiriki. Mpe gari lake aende nalo nyumbani, na namba yake ikiwa bado imebandikwa.

## Kuhifadhi barabara

Futa grafaiti na vumbi kwa kitambaa kikavu. Tenganisha mapande mawili, yalaze bapa juu ya vigogo, fito zikitazamana na gazeti katikati. Usiyaegemeze ukutani, yatapinda kwa mkunjo usioutaka. Kama mko Pwani, paka vanishi kingo zote za plaiwudi kabla ya masika, kwa sababu unyevu huingilia kingoni na kufumua tabaka. Mpira wa tyubu uvue ukae peke yake. Ukiachwa umevutika hadi msimu ujao, utalegea na vijiti vitazama polepole.